Tathmini: saiti za chuma za bei nafuu kwenye Glock 19, na kwa nini risasi zinashuka

Seti inayozungumziwa hapa ni ya saiti, yaani vipande vya kulengea vinavyokaa juu ya bastola, ile ya chuma inayouzwa kwenye kaunta za wauzaji silaha Nairobi ikiwa ndani ya kipakiti cha plastiki, bila jina kubwa la kiwanda. Ndani mna saiti ya mbele yenye kijiti cha kijani kinachonasa mwanga, saiti ya nyuma nyeusi tii iliyochanjwa mistari ya kuzuia mng'ao wa jua, skrubu moja na vijiti viwili vya akiba. Watu huinunua ili waondoe zile za plastiki zinazokuja na Glock 19. Wengi hurudi kutoka renji (uwanja wa kupigia shabaha) na lalamiko moja: bastola iliyokuwa ikipiga sawa sasa inapiga chini.

Uamuzi wetu utangulie. Chuma ni kizuri na kazi ya mashine ni safi, ila saiti ya mbele ni ndefu kuliko ile ya nyuma inavyoweza kuibeba. Muuzaji akikubali kukubadilishia ya mbele kwa fupi zaidi, chukua. Kama hana urefu mwingine dukani, kipakiti kibaki kaunta.

Tuanze na mazuri, kwa kuwa yapo. Saiti za plastiki za kiwandani zina doa jeupe mbele na mchoro mweupe wa umbo la kikombe nyuma, na kingo zake huliwa na holsta (mfuko wa kubebea bastola) baada ya muda. Hizi za chuma hazitafunwi. Kipande cha mbele kina upana wa milimita 3.2 na mwanya wa nyuma ni milimita 3.8, hivyo mwanga unaonekana vizuri pande zote mbili na jicho linajua mara moja kama mbele imeegemea upande mmoja. Uso wa mbele wa saiti ya nyuma umekatwa wima, wala haukulazwa, kwa hiyo ukiumia mkono mmoja unaweza kuuegemeza kwenye mkanda ukavuta slaidi, kile kipande cha juu cha bastola kinachoteleza mbele na nyuma. Mchana wa Nairobi kijiti cha kijani kinawaka hasa. Usiku hakina faida yoyote: hakina gesi ya tritiamu ndani, kinategemea mwanga kutoka nje. Anayetaka saiti ya usiku atafute yenye tritiamu, akijua kwamba nayo hupungua nguvu kwa nusu kila baada ya miaka 12 hivi.

Sasa vipimo, maana hapo ndipo kiini cha lalamiko kilipo. Saiti ya mbele ya kiwandani ya Glock 19 ina urefu wa milimita 4.1. Ya seti hii, kwa kalipa ya dijitali (kipimio cha unene na urefu), ni 4.9. Imepanda milimita 0.8. Ya nyuma ya kiwandani iliyo ya kawaida ni ile ya 6.5, na hii mpya imeizidi kwa milimita 0.3 tu, zote mbili zikipimwa kwa njia moja, kutoka mgongo wa slaidi hadi ukingo wa juu. Usilinganishe namba iliyoandikwa kwenye pakiti na kipimo cha kalipa, kwa sababu viwanda havipimi kutoka mahali pamoja. Kinachohesabika ni kiasi gani kila upande umepanda kulinganisha na ulichokiondoa. Mbele 0.8, nyuma 0.3. Zimebaki milimita 0.5 ambazo mbele imezidi.

Nusu milimita inaonekana kama si kitu mpaka uipigie hesabu. Umbali kati ya saiti ya mbele na ya nyuma kwenye Glock 19 ni milimita 153. Chukua ile 0.5, zidisha kwa umbali wa shabaha, kisha gawanya kwa 153. Kwa mita 7 risasi inashuka milimita 23, kwa mita 10 ni 33, kwa mita 15 ni 49, na kwa mita 25 ni 82. Yaani mtu anayepiga mita 15 akilenga katikati ataona matundu yake yamekusanyika karibu sentimita 5 chini ya pale alipolenga. Sababu ni jiometri tu: ili kilele cha saiti ndefu ya mbele kilingane na kingo za nyuma, lazima mdomo wa mtutu uinamishwe.

Hesabu hiyo inageuzika. Ukijua risasi imeshuka kiasi gani, zidisha kwa 153, gawanya kwa umbali, na utapata milimita za kurekebisha. Sentimita 10 chini kwa mita 15 ni milimita 1.02. Fundi anayekwambia atakuchukulia "fupi kidogo" bila kuuliza umbali na kipimo anabahatisha kwa pesa zako.

Kanuni ya mafundi ni hii: saiti ya nyuma huifuata risasi, ya mbele huikimbia. Risasi inapiga chini? Inua ya nyuma au punguza ya mbele. Wapo wanaokwangua ya nyuma kwa tupa wakidhani wanashusha kizuizi, na wanaishia kuongeza ubaya uleule. Kwa kushoto na kulia, sogeza saiti ya nyuma kuelekea upande unaotaka risasi iende.

Kabla ya kuilaumu seti, hata hivyo, mkono lazima uondolewe lawamani, kwani kupiga chini ndio ugonjwa wa kawaida zaidi wa mpigaji bastola. Anayetarajia kishindo husukuma mdomo chini sekunde ileile anapovuta triga. Kwa anayetumia mkono wa kulia matundu huenda chini kushoto, kwa wa kushoto huenda chini kulia. Tofauti inaonekana kwenye karatasi. Saiti mbaya huhamisha kundi zima la matundu likiwa bado limebanana. Mkono mbaya hulitawanya, mara nyingi likawa mstari mrefu wa kwenda chini, tundu moja likiwa karibu na katikati na jingine likiwa limetoka kwenye duara kabisa.

Njia ya kuthibitisha ni ya moja kwa moja. Egemeza viganja, si mtutu wala fremu, juu ya mfuko wa mchanga, umbali wa mita 15. Piga 5 za aina moja ya risasi, taratibu, ukilenga alama ndogo. Usibadilishe pa kulenga hata ukiona tundu la kwanza limeshuka. Tafuta katikati ya kundi, pima kutoka hapo hadi kwenye alama. Kisha sogea mita 7 urudie. Ikiwa kushuka kwa mita 7 ni karibu nusu ya kushuka kwa mita 15, na makundi yote mawili yamebanana, ni saiti. Halafu mwombe mkufunzi wa renji apige 5 kwa bastola hiyohiyo. Zake zikishuka kiasi kilekile, mjadala umefungwa. Zake zikienda katikati, okoa pesa yako: acha saiti zilivyo, lipia mafunzo.

Kipimo kingine hakihitaji kalipa. Mtu mwingine akujazie magazini akichanganya risasi bandia mbili bila kukwambia zilipo. Ukifika kwenye bandia, triga italia "tak" bila mlio, na kila aliyesimama kando ataona kama mdomo umeinama. Mkono usio na hatia hauchezi wala hautikisiki hapo.

Kuna chanzo cha tatu ambacho wauzaji wachache hukitaja: saiti ya mbele isiyokaa vizuri kwenye tundu lake. Kwenye Glock, saiti ya mbele ina kijiguu kinachopita kwenye kitundu cha slaidi, na skrubu huingia kutoka chini, ndani ya slaidi, ikaivuta ikae. Mabaki ya gundi ya zamani, rangi, au kinundu kidogo cha chuma kilichoachwa na mashine vikibaki chini ya kitako chake, saiti huketi juu kwa sehemu ndogo ya milimita. Pengo la 0.2 tu linashusha risasi milimita 20 kwa mita 15. Elekeza slaidi kwenye dirisha au taa, tazama kwa ubavu: mstari wa mwanga chini ya saiti haufai kuwepo kabisa. Ukipitisha ukingo wa karatasi nyembamba ya kuvuta sigara na ukaingia, fungua uanze upya.

Skrubu ya seti hii nayo inahitaji macho. Baadhi zimekuwa ndefu kupita kina cha tundu lenye nyuzi ndani ya saiti. Skrubu hufika mwisho, mkono unahisi imekaza, kumbe saiti yenyewe haijabanwa na inacheza kama jino la mtoto wa miaka sita. Dalili yake ni kwamba bastola inapiga chini leo, kesho chini kulia, keshokutwa sawa. Ukiishika saiti kwa vidole viwili na kuisukuma huku na huku, utaisikia. Dawa ni skrubu ya saizi sahihi. Usiongeze nguvu, kwa sababu nyuzi ni ndogo na hukatika upesi. Vilevile ukishafunga rudisha mtutu, vuta slaidi mara kadhaa, kisha utoe mtutu uangalie mgongo wake. Mkwaruzo mpya unaong'aa unamaanisha kichwa cha skrubu kimetokeza na kinasugua.

Kuhusu risasi: nyepesi na yenye kasi hupiga chini zaidi ya nzito kwa umbali wa bastola. Watu hushangaa, wanategemea kinyume. Sababu ni kwamba mdomo huanza kupanda risasi ikiwa bado ndani ya mtutu, na ile nzito yenye mwendo wa polepole hukaa humo muda mrefu zaidi, hivyo hutoka mdomo ukiwa umeshainuka. Kwa hiyo aliyezoea risasi yenye uzito wa greni 147 (gramu 9.5) akabadilisha saiti na wakati huohuo akahamia greni 115 (gramu 7.5) amejichanganyia mambo mawili. Badilisha kimoja kwa wakati. Na mvuto wa dunia usisingiziwe: risasi ya milimita 9 inayotoka kwa mita 360 kwa sekunde huanguka chini ya sentimita 1 ikifika mita 15. Wala mwinuko wa Nairobi, huo wa mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, unaotajwa sana kwenye chai ya baada ya mazoezi, hauna uzito wowote kwa umbali huu. Hewa nyepesi ingemsumbua mpigaji wa bunduki ya masafa marefu.

Halafu kuna namna ya kulenga. Wapo wanaolenga chini ya jicho la shabaha, duara jeusi likikalia kilele cha saiti, na wapo wanaolifunika katikati. Duara la sentimita 10 likilengwa kwa chini na saiti iliyopangwa kupiga pale kilele kilipo, risasi zitakuwa sentimita 5 chini ya katikati, na bastola haina kosa. Seti hii imeundwa ipige kwenye kilele, siyo kwenye kijiti cha kijani. Kwa seti za madoa matatu kuna mtego wa ziada: kama doa la mbele liko karibu na ukingo wa juu kuliko madoa ya nyuma yalivyo karibu na ukingo wake, basi kuyapanga madoa mstari mmoja hushusha kilele cha mbele chini ya kingo za nyuma, na risasi hufuata chini. Panga kingo, usipange madoa.

Waliofunga saiti ndefu za kuonekana juu ya lenzi ya nukta nyekundu (kifaa cha kulengea kwa nukta ya mwanga) wana tatizo lilelile kwa kipimo kikubwa. Saiti ya mbele ya aina hiyo hufika milimita 8, karibu 4 zaidi ya ile ya kiwandani. Ukifunga hiyo na nyuma ukaacha ya kawaida, kwa mita 10 unatupa risasi sentimita 25 chini. Hizo hununuliwa na kufungwa kwa jozi, hakuna njia nyingine. Angalia pia kwamba seti imeandikiwa 17, 19 au 26. Za Glock 20 na 21 zina urefu wake, na 43 ina zake.

Turudi kwenye seti yetu na jinsi ya kuiponya. Jambo la kwanza linalomjia mtu ni tupa: kwangua mbele nusu milimita, kazi imekwisha. Kwenye saiti nyeusi ya chuma kitupu hilo linafaa, ukiondoa 0.1 kwa kila awamu na kupiga tena, kisha ukapaka dawa ya kuweusha chuma ili jasho lisilete kutu. Kwenye hii halifai. Kijiti kina unene wa milimita 1.5 na katikati yake iko milimita 1.3 chini ya kilele. Ondoa nusu ya unene wa kijiti, utaona kwamba juu yake pamebaki chuma cha milimita 0.55 tu. Kata 0.5 na umebakiwa na utando ambao holsta itaubonyeza wiki ya kwanza, kijiti kikatoka na kupotea. Tumeona muuzaji akiwashauri wateja wafanye hivyo. Ni ushauri mbaya.

Njia nzuri ni kupata saiti ya mbele ya milimita 4.4, na baadhi ya wauzaji wanazo wakiulizwa. Njia ya pili ni ya bei ndogo na haijulikani sana: Glock hutengeneza saiti za nyuma za plastiki za 6.1, 6.5, 6.9 na 7.3. Ile ya 7.3 imeizidi 6.5 kwa milimita 0.8 kamili, yaani kiasi kilekile ambacho mbele mpya imezidi ya zamani. Ukiacha mbele ya kijani na kufunga 7.3 nyuma, hesabu inafungana. Unapoteza uso mweusi wa chuma wa nyuma na unarudi kwenye mchoro mweupe, jambo ambalo wengine hawalipendi kwa sababu weupe huo hushindana na kijani machoni. Ila bastola inapiga panapolengwa.

Kwa anayetaka kujua fundi afanye nini, ili amsimamie: magazini itoke kwanza, slaidi ivutwe, chemba itazamwe kwa jicho na kuguswa kwa kidole, na risasi zote zitoke mezani. Kwenye Glock hili si la kupuuzwa, kwa kuwa triga lazima ivutwe kabla slaidi haijatoka. Skrubu ya mbele hufunguliwa kwa bisibisi nyembamba ya soketi ya inchi 3/16. Koleo haliruhusiwi karibu. Tundu husafishwa kwa spiriti na kuachwa likauke, kisha nyuzi hupewa tone dogo la gundi ya buluu ya nguvu ya kati, na skrubu hukazwa kwa nguvu ya vidole viwili. Gundi hiyo huhitaji saa 24 kabla ya kwenda renji. Anayekufungia asubuhi akakutuma ukapige mchana anakuandalia safari ya kurudi. Ya nyuma isukumwe kwa kifaa cha kusukumia saiti, slaidi ikiwa imeshikwa na jiliwa lenye midomo laini. Nyundo na panchi ya shaba pia hufanya kazi mikononi mwa anayejua, lakini fundi akichukua panchi ya chuma, rudisha bastola yako kwenye holsta uage kwa heshima. Mwisho apime kwa kalipa pengo la kushoto na la kulia la saiti ya nyuma, yalingane.

Na fundi awe wa muuzaji aliyesajiliwa. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haimruhusu mtu asiyesajiliwa kufanya biashara ya kutengeneza silaha, hivyo jirani mwenye karakana nzuri ya jua kali, hata awe na mashine ya kuchongea iliyo bora kuliko ya duka, si chaguo. Beba cheti chako cha Bodi ya Leseni za Silaha, na hakikisha bastola ikiachwa usiku imeandikwa kwenye daftari lao kwa namba yake. Majaribio yafanyike kwenye renji iliyoidhinishwa, kama ile ya Kirigiti kule Kiambu, siyo shambani kwa mjomba.

Huduma ya kufunga inatofautiana duka kwa duka kuliko seti yenyewe. Maduka mengine hufunga bure ukinunua kwao na hayana kalipa hata moja. Mengine hutoza ada na hukupa karatasi yenye urefu wa zamani na mpya, na hayo ndiyo ya kurudia. Uliza maswali mawili kabla ya kulipa: je, nitarudishiwa saiti zangu za zamani pamoja na skrubu yake? Na je, mbele ikizidi, utanibadilishia bila kununua seti nzima? Ukipata ndiyo mbili, endelea. Saiti za zamani usizitupe, maana ndizo kipimo chako cha kulinganisha, na bila hizo hesabu yote ya hapo juu haina pa kuanzia.

Jambo dogo la matunzo: kijiti cha kijani ni plastiki, kwa hiyo dawa kali ya kusafishia breki hukifanya kififie na kupasuka. Spiriti na kitambaa vinatosha. Ukibadilisha, kata kijiti kikizidi milimita 1 kila upande, kisha sogeza kiberiti cha gesi karibu na ncha bila moto kuigusa, mpaka ivimbe kichwa kidogo kinachoizuia isitoke.

Alama zetu: chuma na umaliziaji, 4 kati ya 5. Mwonekano wa mchana, 5. Usiku, 1. Skrubu, 2. Ulinganifu wa mbele na nyuma jinsi seti inavyouzwa kwenye pakiti, 1, na hiyo inapanda hadi 4 ukipewa mbele ya 4.4.